Noti za babu na zero kumi na moja

Kijana mmoja wa Kirungu, hapa Moba, anatuuliza. Babu yake alikufa, na ndani ya sanduku walikuta noti mbili za Zaire 5.000.000, za mwaka 1992. Ni feza ya kazi yake ya Manono, aliichunga vizuri. Wajukuu ni watatu. Mukubwa anasema: «Ni milioni kumi, tugabane!» Na sasa wanagombana. Kila mumoja atapata ngapi?

Ndugu, kila mumoja 3.333.333, na Zaire 1 inabaki. Hesabu inagabanyika kwa 3 kama ukijumulisha tarakimu zake unapata 3, 6, 9 na kuendelea. Moja na zero zake zote ni 1 tu. Hata upange zero toka Moba mpaka Kalemie, ile 1 itabaki.

Lakini kuna jambo lingine. Oktoba 1993 ilikuja Zaire Mpya: milioni 3 za zamani zikawa 1. Angalia taabu yake: noti ya milioni 5 ilikuwa Zaire Mpya 1,666..., na zile 6 haziishi. Ilikuomba noti tatu njo upate 5 kamili. Mutu wa duka angefanya namna gani? Kisha, mwaka 1998, faranga: Zaire Mpya 100.000 kwa faranga 1. Zidisha 3.000.000 kwa 100.000. Faranga 1 ni Zaire za zamani 300.000.000.000, maana yake miliari mia tatu.

Tuifungue hesabu hiyo, vijana chukueni kalamu. Zero ni kumi na moja, na kila 10 ni 2 mara 5. Kwa hiyo ndani yake muko 2 kumi na moja, 5 kumi na moja, na 3 moja tu. Ile 3 ilitoka 1993. Mwaka 1998 uliongeza zero tupu. Hesabu ngapi zinaigabanya bila kubakisha? Zile 2 unaweza kuzichukua kwa namna 12 (kuanzia hakuna hata moja mpaka zote), zile 5 vilevile namna 12, na 3 namna mbili: unaichukua ao unaiacha. 12 mara 12 mara 2 ni 288.

Watoto watatu wangeigabana vizuri, miliari 100 kila mumoja. Tisa hapana, sababu 3 ni moja tu. Saba pia hapana: ingebaki Zaire 1, ileile ya kwenu! Na kuihesabu kwa kinywa, moja kila sekunde, usiku na mchana, ingeomba zaidi ya miaka 9.500.

Basi noti za babu. Kwa kupata faranga 1, zilihitajiwa noti 60.000 kama hizo. Ninyi muko na mbili. Mutu akikuja kuwaambia kama benki itazibadilisha, na aanze kuomba feza ya safari, musimupe kitu.

Mukubwa achukue noti moja, mudogo moja, na wa katikati achukue sanduku.