Makali Yabadilishwe Kabla Baketi Haijaliwa

Ni nadra leo kuona nyumba ya zege, barabara ya lami au daraja katika nchi zetu ambavyo kokoto na mchanga wake havikupita katika baketi ya loda, mahali fulani kati ya machimbo na lori. Walakini katika daftari za wengi wa wenye mitambo, na za halmashauri zinazoimiliki au kuikodi, baketi hiyo haitajwi mpaka siku inapopasuka na kazi ikasimama. Hapo ndipo fundi wa kuchomelea huitwa kwa haraka, akaonyeshwa ufa uliokwisha kutambaa hata katikati ya sakafu ya baketi, akaambiwa kwamba malori yanangoja, na akatakiwa amalize kwa saa moja kazi ambayo kwa haki yake huhitaji siku nzima au zaidi. Rai yangu ni kwamba desturi hii ni israfu ya mali na dhuluma kwa fundi, na dawa yake inajulikana: makali yameumbwa ili yaliwe badala ya baketi, basi yabadilishwe mapema; na baketi ikiwa imekwisha kudhurika, itengenezwe kwa taratibu kamili.

Baketi ya loda ni mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa kuchomelewa. Mbele ya sakafu yake kuna mdomo wa bamba nene, na katika mdomo huo hutiwa bamba jingine la makali, ama kwa kuchomelewa, ama kwa kufungwa kwa bolti ambazo vichwa vyake huzama ndani ya bamba na shingo zake huwa za mraba, zisipate kuzunguka nati inapokazwa. Bamba hilo la makali ni feleji iliyopashwa moto na kupozwa ghafula kiwandani hata ikakakamaa: kwa kipimo cha Brinell, chuma laini cha kawaida huwa karibu 120, ilhali feleji ya makali huweza kufika 500. Ugumu huo umewekwa hapo kwa kusudi, maana ndipo jiwe linapogusa kwanza, na katika machimbo kama yale ya Lugoba, mkoani Pwani, zinakotoka kokoto nyingi zinazojenga Dar es Salaam, jiwe halipumziki kuusaga. Makali ya kufungwa kwa bolti aghalabu huwa na ncha pande zote mbili, hata upande mmoja ukiisha hufunguliwa, hugeuzwa na kufungwa tena, kazi ya spana na watu wawili ambayo huweza kumalizika kabla ya adhuhuri.

Mwenye mtambo anayeona makali yamekwisha na akaendelea kuzoa, kwa kudhani kwamba anaweka akiba, hupoteza mara tatu. Kwanza, makali butu hayaingii katika lundo, hivyo loda husukuma kwa nguvu zaidi, magurudumu huteleza juu ya mawe makali, na dizeli na matairi huliwa kwa kazi ambayo feleji kali ingeifanya kwa wepesi. Pili, jiwe likimaliza makali huanza kuula mdomo wenyewe na matundu ya bolti, hata ikawa hakuna tena mahali pa kufungia makali mapya, na kilichokuwa shughuli ya spana kikageuka kuwa kazi ya kukata mdomo wote na kuchomelea mwingine. Tatu, mdomo uliokonda hupinda na kupasuka pembeni, na ufa hauishii pale ulipoanzia.

Wahenga walituonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta, na wasia wao ni wa kweli. Lakini katika feleji ufa hauzibwi juu juu, bali hufukuliwa mpaka shina lake. Fundi mjuzi huusafisha uso wa chuma ili ajue ufa unaishia wapi, akatoboa tundu dogo kwenye ncha yake usipate kuendelea, kisha akauchimba kwa grenda mpaka chuma kizima kitokee, akiacha mfereji ambao mshono utaujaza kutoka chini kuja juu. Kabla ya kuwasha moto wa rodi hulipasha bamba joto kwa gesi, kwa feleji nene na ngumu aghalabu kati ya nyuzi 150 na 200 za Sentigredi, na hulipima joto hilo kwa chaki maalumu inayoyeyuka katika kiwango chake, maana jicho peke yake haliwezi kuamua. Joto likipungua, chuma kilicho kando ya mshono hupoa upesi mno na kuwa kigumu cha kuvunjika, na haidrojeni iliyotokana na unyevu wa rodi hujificha humo na kukipasua saa nyingi baadaye, pengine siku ya pili, fundi akiwa amekwisha kulipwa na kwenda zake. Joto likizidi, makali hupoteza ule ugumu ambao ndio thamani yake yote. Ndiyo sababu rodi zinazostahili ni zile za haidrojeni kidogo, kama zenye nambari E7018, nazo sharti zihifadhiwe katika tanuri dogo lenye joto mpaka saa ya kutumiwa, zisiachwe wazi sakafuni katika hewa ya pwani yenye unyevu. Kazi ikiisha, mshono hufunikwa upoe polepole, wala haumwagiwi maji.

Pamoja na hayo kuna hadhari za mtambo wenyewe: baketi ilazwe chini na kuwekewa magogo, betri na nyaya za kompyuta zifunguliwe, na waya wa ardhi ufungwe karibu kabisa na mshono, ili umeme usipite katika pini na bushi ukaziharibu kwa siri. Haya yote humla fundi wakati, na wakati ndio kitu ambacho wenye mitambo huona uchungu kuulipia. Wanapomnyima, yeye naye hushika lililo karibu: kipande cha springi ya lori au bamba chakavu la greda, vyuma vyenye kaboni nyingi ambavyo ni vigumu mno kuchomelea, hubandikwa vikiwa baridi kwa rodi ya kawaida, na baada ya siku chache hukutwa vimeanguka katika kokoto. Kisha lawama zote hutupiwa fundi, naye aliyemharakisha hasemwi.

Wako wanaosema kwamba taratibu hizi ni za nchi tajiri, na kwamba mafundi wetu hawana vifaa. Sikubaliani nao. Chaki ya joto si ghali, moto wa gesi umo katika karakana nyingi, na tanuri la rodi fundi hodari huweza kulitengeneza mwenyewe. Tena kazi ya matengenezo haina unyonge wowote katika elimu ya uhandisi, kwani Oscar Kjellberg wa Sweden, aliyeianzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, alibuni rodi zenye ganda alipokuwa akitafuta njia iliyo bora ya kutengeneza meli na mitungi ya mvuke iliyovuja. Maana yake ni kwamba rodi tunazozishika leo zilizaliwa katika karakana ya matengenezo.

Kwa hiyo nawasihi wanaohusika. Halmashauri zinapokodi loda, mkataba na uagize kwamba makali yapimwe kila juma na yabadilishwe kabla mdomo haujaguswa, na gharama yake iandikwe katika bajeti pamoja na dizeli na matairi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililopo tangu 1973, na ziwafikie mafundi waliokwisha kuwa kazini, ziwafunze kuchomelea feleji ngumu na ziwape vyeti vya ustadi huo, ili mwenye mali ajue amkabidhi nani mtambo wake. Na wewe mwenye mtambo, baketi mpya huja kwa meli na kwa fedha za kigeni, ilhali makali ya akiba hukaa stoo yakikungoja. Yanunue leo, na siku utakapomwita fundi, mpe siku nzima na umlipe ujira wake kamili.