Kabla ya kubambua uso kwa asidi, uliza haya

Harusi ni majuma mawili yajayo. Uso umejaa madoa yaliyoachwa na chunusi, na rafiki anakunong'onezea kuwa kuna saluni mtaani inayopaka dawa ya kubambua ngozi. Eti uso hutoka laini kama wa mtoto mchanga. Je, uende?

Ngoja kidogo, dada. Nawe kaka usicheke, kwani siku hizi wanaume pia wamo.

Kubambua ngozi kwa kemikali si sawa na kujipaka poda. Asidi hupakwa ili kuondoa tabaka la juu la ngozi, na nyingine mpya iote mahali pake. Kwa maneno mengine, unajeruhiwa kwa makusudi na kwa kipimo. Tiba yenyewe si ngeni. Daktari Mjerumani, Paul Gerson Unna, alieleza mwaka wa 1882 jinsi baadhi ya asidi hizi zinavyofanya kazi.

Kuna viwango vitatu. Cha kwanza ni chepesi. Hutumia asidi ya glaikoliki, ambayo hupatikana katika miwa, ya laktiki, iliyomo katika maziwa lala, au ya salisiliki, ambayo hufaa sana kwa chunusi. Ngozi hutoka magamba kwa siku chache, na kazi hurudiwa kila baada ya majuma 2 hadi 4. Cha pili hushuka chini zaidi, na uso huvimba na kubambuka kwa juma zima au zaidi. Cha tatu ni cha fenoli. Hii huweza kuingia katika damu na kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo mgonjwa huchungwa na daktari muda wote.

Sasa sikiliza jambo linalotuhusu sisi. Ngozi nyeusi ikiumizwa hujibu kwa kutoa rangi zaidi. Kumbuka ulivyoungua kwa sufuria, na alama nyeusi ikakaa miezi. Asidi kali huweza kukuachia madoa meusi kuliko yale uliyotaka kuondoa, mabaka meupe, au makovu yaliyofura. Ndiyo maana wataalamu hupendelea kiwango chepesi kwa watu weusi, na huepuka fenoli.

Basi, kabla ya kukaa kitini, uliza: Ni asidi gani, na ya asilimia ngapi? Nani atakayenipaka, na amesomea wapi? Je, nitajaribiwa kwanza mahali padogo, kama nyuma ya sikio?

Naye pia akuulize. Una mimba? Vidonda vyako hufura vikipona? Hutokwa na malengelenge mdomoni? Aspirini hukudhuru? Umekuwa ukimeza vidonge vya isotretinoini vya chunusi? Asiyekuuliza haya, muage upesi.

Usijaribu nyumbani kwa chupa iliyonunuliwa kwenye intaneti. Mwaka wa 2024 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliwaonya wananchi kuwa asidi kali za aina hii zaweza kuunguza ngozi vibaya.

Ukishatibiwa, usibandue magamba kwa kucha. Jipake mafuta ya kukinga jua ya kipimo cha 30 au zaidi, hata kukiwa na mawingu. Nairobi iko karibu na ikweta, tena juu ya mita 1,600, na miale hupita mawinguni.

Tena, tiba hii si ya kukugeuza mweupe. Anayekuahidi hivyo anakuuzia mkorogo kwa jina jingine.

Na yule bibi harusi? Majuma mawili hayatoshi. Amwone daktari wa ngozi miezi kadhaa mapema, au aolewe na madoa yake. Bwana harusi alimpenda nayo. Usiache mbachao kwa msala upitao.