Chuma au Plastiki?

Jumamosi mjomba alinipeleka tena kulenga shabaha, hapa hapa Texas. Yeye ni mtu wa Colt 1911, ile aliyoibuni John Browning: chuma kitupu, zaidi ya kilo moja, magazini ya risasi 7. Fundi aliipiga tupa kipande kwa kipande mpaka ikamkaa mkononi. Mwanawe ana Glock 17, fremu ya plastiki, iliyoingia jeshi la Austria 1982. Risasi 17! “Hilo jembe tu,” mjomba humwambia.

Mimi nililenga vizuri zaidi kwa hilo jembe. Nikanyamaza.

Siku hizi mkono wa mjomba unatetemeka. Kaniuliza, “Mwanangu, utaichukua yangu?” Mama, dada yake, hataki bastola nyumbani kwake. Sijamjibu.