Duka la Kivaa Halihitaji Ukurasa wa Kwanza wa Google

Kuna imani iliyoenea miongoni mwa wafanyabiashara wadogo nchini Kenya, na inazidi kupata waumini hata katika masoko ya mashambani kama Kivaa, huku Masinga katika Kaunti ya Machakos. Inasema kwamba duka lisiloonekana kwenye ukurasa wa kwanza wa Google ni kama halipo, kwa hiyo mwenye duka hana budi kutenga pesa kila mwezi za kumlipa mtu wa kulipandisha huko juu. Kazi hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama SEO, hutangazwa Facebook na WhatsApp, mara nyingi pamoja na ahadi ya nafasi ya kwanza. Naipinga imani hiyo bila kusitasita. Kwa maduka, mikahawa na mafundi wengi wa soko kama Kivaa, malipo hayo ya kila mwezi ni hasara tupu, na ile sehemu ya kazi yenye faida kwao haidai zaidi ya simu, bando kidogo na alasiri moja.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwa Google wenyewe. Katika maelezo yao kwa wenye biashara wanasema matokeo ya eneo hupangwa kwa mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kinachotafutwa, umbali wake kutoka kwa anayetafuta, na umaarufu wake. Wanaongeza kwamba hakuna njia ya kulipia ili upewe nafasi bora katika matokeo hayo. Matangazo ya kulipia ni kitu kingine, nayo hutiwa alama. Katika mwongozo wao kwa wanaotaka kuajiri wataalamu wa kazi hii wameandika wazi kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Basi anayekuahidi nafasi hiyo anakuuzia kitu ambacho mwenyewe hana. Tena litazame hilo la umbali kwa makini. Mtu aliye Thika akitafuta saruji hataonyeshwa duka la Kivaa mbele ya maduka ya Thika, hata mwenye duka amwage pesa kiasi gani. Na aliye Kivaa akitafuta, ataonyeshwa ya Kivaa kwa sababu ndiyo yaliyo karibu. Tangu 2015 kisanduku cha ramani kinachotangulia matokeo huonyesha biashara tatu tu. Kwa madaktari wa meno wa Nairobi au kampuni za watalii za Mombasa, wanaogombania nafasi hizo tatu kwa mamia, vita vya kupanda vina maana. Katika soko ambamo maduka ya aina moja yanahesabika kwa vidole, unalipa ili umshinde nani?

Lakini hoja nzito zaidi haihusu Google hata kidogo, inahusu mteja. Chukua kijana wa Kivaa anayefanya kazi Nairobi na kujenga nyumba nyumbani, mteja ambaye kila duka la vifaa vya ujenzi lingependa kuwa naye. Ana simu nzuri, ana intaneti siku nzima. Akihitaji mabati na saruji, hampigii mtu asiyemjua aliyemwona mtandaoni. Anampigia fundi wake, au kaka yake, au mama. Anaambiwa nenda kwa fulani, huyo hapunguzi uzito wa misumari, na mzigo ukipungua hurudisha. Anapewa nambari, wanakubaliana bei, pesa zinapita kwa M-Pesa, na mkokoteni au pikipiki inapeleka mzigo hadi kwenye kiwanja, ambako fundi anahesabu mifuko na kutuma picha. Katika mlolongo wote huo, ambao ndio uhai wa biashara ya vijijini tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hakuna mahali Google inapoingia. Sababu si ushamba wala uchache wa simu. Sababu ni kwamba anayetuma pesa kutoka mbali anahitaji mdhamini, mtu anayeweza kumwendea mwenye duka kesho asubuhi na kumuuliza. Nyota tano za mtandaoni hazimdhamini mtu. Ndiyo maana Ukambani maduka huitwa kwa majina ya wenyewe, kwa Mutua, kwa Mama Mwende, hata kama ubao ulio mlangoni una jina jingine kabisa. Mtu akitafuta jina hilo la ubaoni kwenye simu, pengine ni mgeni.

Wageni nao wapo, na hapa wanaonipinga wana haki ya kusikilizwa. Kivaa iko kwenye barabara ya Kangonde kwenda Embu. Jirani yake kuna mabwawa ya Mto Tana: Kamburu lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1974, na Masinga lililokamilika 1981 na ambalo lina hoteli inayovuta watalii. Wahandisi, madereva wa malori, watu wa harusi na mazishi wanapita hapo bila kumjua yeyote. Msafiri ambaye gurudumu lake limepasuka saa moja jioni atatoa simu na kutafuta fundi wa karibu. Huyo ni mteja halali, na duka linalomkosa limekosa pesa. Sasa tuangalie anahitaji kuona nini kwenye kioo cha simu. Anahitaji alama ya ramani iliyo upande sahihi wa barabara, nambari inayopokelewa, saa za kufungua na kufunga, na picha ya lango ili alitambue gizani. Mambo hayo yote yanaingia katika wasifu wa biashara ambao Google huutoa bure. Kinachowapoteza wateja hawa ni nambari iliyobadilishwa siku nyingi bila kurekebishwa, alama iliyowekwa katikati ya shamba, na kibanda kilichofungwa ambacho ramani bado inadai kiko wazi. Makosa kama hayo hayaondolewi na makala kumi kwenye tovuti. Yanaondolewa na mtu aliyesimama mlangoni na simu mkononi.

Wengine watauliza kuhusu mazao. Masinga inalima ndengu na maembe, na wanunuzi wako mijini. Je, mkulima au mchuuzi asitafutwe huko? Atafutwe, lakini mnunuzi wa jumla anataka tani za mzigo wa daraja moja, uliokaushwa vizuri, utakaokuwa tayari siku ya lori. Mchuuzi mmoja mwenye magunia machache hawezi kumpa hayo, hata akiongoza matokeo yote. Chama cha ushirika kinaweza. Kwa chama chenye ghala, mizani na rekodi, tovuti nzuri inayoonekana Nairobi ni matumizi ya busara, na gharama yake wanaigawana wengi. Hapo nakubali kabisa. Nisichokubali ni kuuchukua ushauri unaofaa taasisi ya namna hiyo na kumtwisha mama mwenye mkahawa wa meza nne.

Na mzigo huo si mwepesi. Tuseme analipa shilingi 5,000 kwa mwezi: kwa mwaka ni 60,000, pesa ambazo zingeongeza bidhaa rafuni au kulipa deni la sacco. Zaidi ya hapo kuna madhara ambayo wauzaji hawayataji. Kubandika maneno ya ziada kwenye jina la biashara, kama vile “bora zaidi Machakos”, ni kinyume cha kanuni za Google. Maoni ya kununuliwa ni vilevile, na wasifu unaweza kusimamishwa kwa makosa hayo. Aidha, anayejenga juu ya ardhi ya mwingine hana hati. Machi 2024 Google walizifunga tovuti zote ndogo ambazo wenye biashara walikuwa wamezitengeneza ndani ya huduma hiyo ya wasifu. Miezi miwili baadaye walianza, kwanza Marekani, kuweka majibu ya akili unde juu ya matokeo, na sasa yapo katika nchi nyingi. Mtu anasoma jibu na kuondoka bila kubofya tovuti ya mtu yeyote. Ukurasa wa kwanza unaolipiwa leo huenda mwakani usiwe na umbo lile lile.

Najua vijana wengi wanaofanya kazi hii wanatafuta riziki kwa haki, na serikali yenyewe imewahimiza: mpango wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka 2016, unawafunza kupata kipato mtandaoni. Siwaombi waache. Nawaomba wauze kile kinachofaa. Kijana aliyefunzwa anaweza kulizunguka soko lote la Kivaa, duka kwa duka, akaweka alama za ramani mahali pake, akapiga picha, akasahihisha nambari na saa, akamwachia mwenye duka nywila yake mwenyewe, na kulipwa mara moja kwa kila duka. Hiyo ni kazi ya heshima, na Kaunti ya Machakos ingefanya vyema kuigharamia kwa masoko yake yote, kama inavyogharamia taa na vyoo vya sokoni. Nawe mwenye duka, kabla hujatia sahihi mkataba wa kila mwezi, waulize wateja wako kwa wiki nzima walikujuaje, na uandike majibu kwenye daftari la madeni. Kisha mwambie anayekuahidi nafasi ya kwanza aiandike ahadi hiyo, pamoja na kurudisha pesa ikishindikana. Akikataa, usimlipe.