Uwanda wa Magadi Una Wenyewe

Katika utoto wetu pwani, mama hakupika kunde ila atie kibonge kidogo cha magadi chunguni ili zilainike upesi. Kwetu sisi magadi yalikuwa kitu cha dukani, cha kununuliwa kwa senti chache, na wala sikupata kujiuliza yatokako. Mwezi uliopita nalilala siku tatu katika kambi ndogo ya watalii kusini ya Ziwa Magadi, Kajiado, ndipo nikayaona yakiwa kwao.

Kambi yenyewe ni mahema sita chini ya migunga, na taa zake ni za nguvu za jua. Kutoka Nairobi barabara huteremka Bonde la Ufa, ikapita Olorgesailie ambako mashoka ya mawe ya watu wa kale yangali yamelala chini. Joto la huko ni kama la Mombasa, ila halina upepo wa bahari wa kulipoza. Chemchemi za moto huleta maji yenye magadi, jua likayakausha, ukabaki uwanda mweupe unaoumiza macho. Na katika maji hayo ya moto, Subhanallah, Mola ameweka samaki wadogo wanaoishi na kuzaana! Heroe nao, wale ndege wa miguu mirefu wenye rangi ya waridi, huja hapa kula, lakini wengi wao huenda kuzalia Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania.

Jioni ya pili mgeni mmoja kutoka Ulaya alisema kwamba uzuri wa mahali hapa ni kuwa hapana mtu. Mzee mmoja wa Kimaasai, aliyekuwa ameketi na walinzi wa kambi, akaniuliza, "Asemaje huyo?" Nikamfasiria. Mzee akacheka, akanyosha fimbo yake.

"Mwambie pale palikuwa na boma la baba yangu. Na kule ng'ambo tumekataza ng'ombe sisi wenyewe, ili majani yapatikane wakati wa kiangazi."

Maneno ya mzee yule ndiyo habari yenyewe. Watu wa Olkiramatian na Shompole hutenga malisho ya kiangazi kwa shauri la wazee, na katika ardhi hiyo iliyotengwa ndimo wanyama wa porini na kambi za watalii hupata nafasi. Kwa hiyo huo unaoitwa utupu, ambao mgeni huulipia fedha nyingi kwa usiku mmoja, ni kazi ya watu.

Wamaasai wana sababu ya kuwa na hadhari na wageni. Mkataba wa 1904 uliwaondoa katika malisho yao ya Bonde la Ufa, na ule wa 1911 ukawatoa Laikipia na kuwasukuma kusini. Mwaka huo huo wa 1911 ikaundwa kampuni ya kuchimba magadi haya. Reli ikajengwa kutoka Konza, na magadi yakashuka hadi bandari ya Mombasa kwenda kutengenezea vioo na sabuni ughaibuni. Tangu 2005 kampuni hiyo imo mikononi mwa Tata wa India. Zaidi ya miaka mia imepita, na swali la nani anafaidika na uwanda ule halijesha.

Sasa limezuka jambo jingine. Ranchi za jumuiya zilizoandikishwa kwa sheria ya 1968 zilitakiwa na sheria ya 2016 ziwe ardhi ya jamii. Lakini sehemu nyingi za Kajiado zimekwisha kugawanywa, kila mtu na hati yake, na nyua za waya zimesimama. Simlaumu mtu anayeuza kipande chake akalipe karo ya mwanawe. Ila kipande kimoja hakiwezi kulisha ng'ombe mwaka wa ukame, na pundamilia hajui kusoma hati.

Hapo ndipo kambi hizi zinapopimwa. Kuajiri vijana wachache wabebe mizigo na kuwachezea wageni ngoma hakutoshi. Kambi niliyolala husema kwamba kila kitanda hutoa sehemu kwa jamii. Nalimuuliza mzee kama ni kweli.

"Pesa huja," akasema. "Daftari ndilo sijaliona."

Sisi wa pwani, tulioona ufuo ukipata wenyewe wapya huku waliozaliwa hapo wakiitwa maskwota, tunalielewa jibu hilo. Mwenye ardhi ya pamoja akiona haki yake waziwazi, atakuwa na sababu ya kuilinda. Asipoiona ataigawa, na baada ya kuigawa atauza, na wala hatakuwa na kosa. Basi hesabu za kambi na zisomwe barazani, mbele ya wazee, wanawake na vijana, kila mwaka. Bila ya hivyo, mgeni wa kesho atakuja kutafuta uwanda wazi, akute waya.