KAWIA UFIKE: ANAYENGOJA LAGA ASIADHIBIWE

Mvua ya masika, ya mwezi wa tatu hadi wa tano, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nina neno na walimu wetu, na nina neno nanyi wenzangu: mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu laga imejaa asiadhibiwe.

Watu wa Mombasa wana bahari na ufuo wake. Sisi wa Kakuma ufuo wetu ni mchanga wa laga ya Tarach. Hapo ndipo tunapocheza kandanda, tunapochimba visima vya maji, tunapofua nguo, na ndipo wengi wetu tunapopita kuja shuleni. Siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu, ndiyo maana hatuiogopi. Jamani, mazoea yana taabu!

Hatari ya Tarach ni kwamba haingoji mvua inyeshe hapa. Maji yake hutoka milimani, upande wa mpaka wa Uganda. Mvua ikipiga huko, ardhi ni ngumu na miti ni michache, basi maji hayazami, yanateremka yote kwa pamoja. Hapa kwetu jua linawaka, watoto wanacheza, mara unasikia mngurumo na maji ya matope yameshafika. Anayetazama mawingu ya Kakuma peke yake anajidanganya.

Wengine husema, "Aah, maji ni ya magoti tu, tuvuke!" Fizikia haikubali. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, na kasi ya maji ikizidi mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma huzidi mara nne. Maji ya magoti yaendayo mbio humwangusha mtu mzima. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu huko Kitui, dereva alipojaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Aprili 14, 2024, huko Oman, nchi kavu kama kwetu, gari la wanafunzi lilisombwa na mafuriko ya wadi, ambayo ndiyo laga ya Waarabu, na wanafunzi kadhaa wakafariki. Ikiwa basi zima lilishindwa, je, mtoto wa shule aliyeshika viatu mkononi?

Sasa nauliza, ni nini kinachomwingiza mtoto huyo majini? Si ushujaa. Anaogopa kufungiwa getini, apigishwe magoti, kisha aokote takataka hadi saa nne. Mbele yake kuna maji na adhabu, na adhabu anaijua vizuri zaidi.

Najua walimu watasema kila mvivu atasingizia laga. Ni kweli wavivu tunao. Lakini laga haifichiki, ikijaa Kakuma nzima inajua. Wachaguliwe viranja wawili wanaokaa ng'ambo, waandike majina ya wanaongoja na saa maji yalipopungua, kisha orodha apewe mwalimu wa zamu. Asiyekuwa kwenye orodha ajitetee mwenyewe. Na maji yakija tukiwa darasani, wa ng'ambo wasiambiwe waende nyumbani saa kumi. Waachwe wangoje shuleni.

Nasi wanafunzi tufanye sehemu yetu. Palipo na daraja tupite hapo hata kama ni mbali, bora maji yasiwe yamelifunika. Tusicheze mchangani wakati kuna wingu jeusi kule milimani. Tukisikia mngurumo, tupande ukingoni mara moja bila kurudia mpira wala mtungi. Tusifuate kuni zinazoelea. Hata maji yakitulia, tusiogelee kwenye madimbwi yanayobaki, kwa maana kina chake hatukijui.

Wahenga walisema kawia ufike. Somo la asubuhi mtu anaweza kulinakili jioni kwa mwenzake. Naomba chama chetu kilifikishe jambo hili kwa mwalimu mkuu kabla mvua ya mwezi wa tatu haijaanza.