KUSHUKURU HAIKO KUKATAZA MACHOZI



Safari hii tunataka kusema juu ya neno moja lenye linasikilika kila siku katika kiwanja cha masomo: "Shukuru Mungu." Mwenzetu anafukuzwa juu ya minervali, tunamwambia: shukuru Mungu, ungali mzima. Mwingine anapata 42 kwa mia, tunamwambia: shukuru Mungu, kuko wenye walipata 30. Mwingine tena, wazazi wake walikimbia vita upande wa Oicha, wakaacha shamba la kakao na matunda yangali juu ya miti, naye tunamwambia vilevile. Tunasema maneno hayo mbio mbio, kisha tunaenda kucheza mpira. Lakini yule mwenzetu anabaki palepale na shida yake. Na sasa iko na shida ya pili: hawezi tena kulia mbele yetu, sababu tutasema hana imani.

Wandugu, hiyo haiko shukrani. Ni kifuniko cha sufuria. Tunafunika kilio cha mwenzetu kusudi sisi wenyewe tusikisikie.

Kuna watu watatuuliza: Je, mtume Paulo hakuwaandikia Wathesalonike, katika sura ya 5, kama tunapashwa kushukuru nyakati zote? Ndiyo, aliandika, na ni amri ya Mungu. Lakini tuangalie muzuri. Katika Biblia yetu ya Kiswahili kuna neno dogo "kwa", na wengi wanafikiri maana yake ni kushukuru juu ya kila kitu: juu ya homa, juu ya wizi, juu ya kifo. Fungua Biblia ya Kifaransa ya Segond, utakuta neno "en", ni kusema "katika". Paulo anataka tushukuru tukiwa ndani ya mambo yote. Hakusema tuite ubaya kuwa uzuri.

Yeye mwenyewe alitenda hivyo kule Filipi (Matendo 16). Alipigwa fimbo pamoja na Sila, miguu yao ikafungwa, na katikati ya usiku waliimba. Hiyo sehemu tunaipenda, makorali yote yanaijua. Lakini asubuhi ilikuwa namna gani? Wakubwa wa mji walituma watu kusema: waachilieni waende. Paulo alikataa. Alisema wametupiga mbele ya watu wote bila kutuhukumu, nasi ni raia wa Roma. Waje wao wenyewe watutoshe. Usiku wimbo, asubuhi kudai haki. Ni mtu yuleyule, na imani ni ileile.

Na Bwana Yesu mbele ya kaburi la Lazaro? Yoane sura ya 11 inatuonyesha kama alilia machozi, tena palepale akamshukuru Baba. Hakungoja machozi yakauke kwanza kusudi apate kushukuru. Hakuficha machozi kusudi shukrani ionekane safi.

Hapa kwetu Butembo hatuhitaji kutafuta mfano mbali. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 2018, serikali ilitangaza ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Wagonjwa wa kwanza kujulikana walikuwa upande wa Mangina, karibu na Beni. Mwanzoni mwa mwaka wa 2019, Katwa na Butembo ndipo moto uliwaka zaidi. Mpaka siku ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka wa 2020, watu 3470 walikuwa wamepatwa, na 2287 kati yao wakakufa. Hatukupeana tena mikono kanisani. Wafu walizikwa na watu wenye kuvaa nguo za kujikinga, jamaa wakisimama mbali. Katika juma moja la mwezi wa 2 mwaka wa 2019, kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa, kisha kile cha Butembo. Tarehe 19 mwezi wa 4, munganga Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni mwenye alikuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi ndani ya hopitali, hapa mjini. Tena wakati huohuo watu wa teritware ya Beni walikuwa wanauawa na kukimbia makwao, mambo yaliyoanza tangu mwezi wa 10 mwaka wa 2014.

Nani atasimama kanisani kusema: Mungu, aksanti juu ya Ebola? Sisi hapana. Na tunafikiri Mungu hamuombi mtu hata mmoja aseme vile.

Lakini ndani ya ile giza kulikuwa na mambo ya kushukuria, na mtu akiyasahau anamukosea Mungu na watu pia. Mwaka wa 1995 Ebola ilipiga mji wa Kikwit, upande mwingine wa inchi yetu. Mtu mmoja aliugua kule, akapona. Miaka mingi nyuma, alitoa damu yake, na wenye elimu wakaona kama ndani yake mungali nguvu ya kupigana na ule ugonjwa. Toka damu hiyo walitengeneza dawa yenye inaitwa mAb114. Dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na zingine tatu, Profesa Muyembe wa kwetu akiwa kati ya viongozi wa kazi hiyo. Ilijaribiwa wapi? Beni, Mangina, Butembo, Katwa! Kati ya wagonjwa mia wenye walipewa dawa ya zamani, karibu 50 walikufa. Kati ya mia wenye walipewa ile ya Kikwit, karibu 35. Yule mtu, siku alipolala na homa mwaka wa 1995, hakujua kama kuponyeka kwake kutafikia mtoto wa Butembo. Hatushukuru juu ya homa yake. Tunashukuru sababu alirudi, akatoa.

Na hapa kwetu wale wenye walipona walifanya nini? Wamoja wao walirudi kandokando ya vituo vya Butembo na Beni, wakabeba watoto wadogo wenye mama zao walikuwa wamelazwa ndani. Wengine waliogopa kuwagusa watoto wale, lakini wao mwili wao ulikuwa umekwisha kuushinda ugonjwa. Waliwanyonyesha kwa chupa, wakawalaza, wakawaimbia.

Katika Luka 17, wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja tu, naye alikuwa Msamaria. Tunadhani njo maana kamili ya kushukuru: kurudi. Kusema "aksanti" ao "wasingya" ni mwanzo tu. Miguu inapashwa kufuata.

Basi, tunaomba mambo matatu.

La kwanza: mwenzako akilia, ukae naye kwanza. Rafiki za Ayubu walifanya muzuri zile siku saba walipoketi chini bila kusema neno. Waliharibu siku walipofungua kinywa.

La pili: tukishukuru, tutaje kitu na jina. "Mungu, aksanti juu ya yote" ni sala ya mvivu. Sema: aksanti juu ya mama, mwenye anatoka saa kumi na moja ya asubuhi, baridi ya Butembo ikimukamata, anaenda kuuzisha sombe ku soko, nami nipate kalamu. Sema: aksanti juu ya mwalimu mwenye aliendelea kufundisha hata mshahara ulipochelewa. Kisha rudi: ubebe bidoni ya mama, umusaidie mdogo wa mwaka wa saba ku hesabu.

La tatu ni juu ya ibada yetu ya masomo. Wakati wa ushuhuda wanasimama wale tu wenye shida yao imekwisha: alikuwa mgonjwa, amepona, hakuwa na minervali, amelipa. Ni vema. Lakini mwenye shida yake ingali mbichi asimame pia, aseme: ndugu zangu, mimi ningali ndani, mniombee. Ushuhuda wa huyo ni mkubwa, sababu amekuja kwa Mungu mbele ya kupata.

Mtu atatupinga: mkifungua mlango huo, watu watanung'unika sawa Waisraeli jangwani. Hapana. Waisraeli walinung'unika ndani ya hema zao, wakataka kurudi Misri. Mwandishi wa Zaburi anamulilia Mungu uso kwa uso. Someni Zaburi ya 13, ni fupi sana: inaanza na kuuliza Mungu atamusahau mpaka wakati gani, inaisha na wimbo. Kama tungemukataza yule mtu mistari ya kwanza, hangefika ku ule wa mwisho.

Ijumaa kuna ibada. Tunaomba wenye kuiongoza wafikiri juu ya neno hili, na ninyi wasomaji mutuandikie maoni yenu, hata kama hamkubali.

Bwana awe pamoja nanyi.